Skrini Imefungwa na Inadai Pesa: Kutafuta Chanzo na Kuiondoa Programu Bila Kupoteza Mafaili

Ujumbe unapoijaza skrini nzima ya kompyuta ya nyumbani, ukidai kwamba polisi wameifunga kwa sababu ya picha chafu zilizotazamwa humo, au kwamba Windows imegundua virusi na namba fulani ipigwe mara moja, familia nyingi huchagua moja kati ya njia mbili: kulipa kimyakimya ili aibu isienee, au kuipeleka mashine kwa fundi apige Windows upya. Njia ya kwanza humpa mhalifu pesa bila hakika yoyote ya kufunguliwa. Njia ya pili huiondoa programu hiyo kweli, lakini mara nyingi huondoa pamoja nayo picha za harusi, tasnifu iliyokaribia kukamilika na hesabu za duka za miaka kadhaa, ilhali mafaili hayo yalikuwa mazima na kilichoyafunika kilikuwa dirisha moja tu lililokataa kufungwa. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya kuzuia hasara hiyo ya pili, ambayo huniuma zaidi kwa sababu hufanywa na watu wenye nia njema.

Kinachoonekana kwa macho ni kimoja, yaani skrini isiyotii, lakini vyanzo vyake ni vinne na kila kimoja kina utatuzi wake. Huenda ni ukurasa wa tovuti uliojitanua ndani ya kivinjari, na hapo kompyuta yenyewe haijaambukizwa. Huenda ni programu iliyoingia ndani ya Windows na kujipanga iwake kila unapoingia katika akaunti yako. Huenda ni programu iliyojiandika katika sehemu ya mwanzo kabisa ya diski, ikawaka kabla ya Windows. Na huenda, katika hali iliyo mbaya kuliko zote, mafaili yamesimbwa, yaani maandishi na picha zimegeuzwa kuwa data isiyosomeka bila ufunguo alio nao mhalifu. Hapo dirisha la madai ni tangazo tu, na kuliondoa hakurudishi kitu.

Mambo ya kufanya kabla ya kubonyeza chochote

Piga picha ya skrini kwa simu, ujumbe wote uonekane, pamoja na maelekezo ya malipo na namba yoyote ya utambulisho iliyoandikwa hapo, kwa maana maneno hayohayo ndiyo yatakayokusaidia baadaye kuitambua programu na kutoa taarifa. Kisha ikate kompyuta kutoka kwenye mtandao kwa kuchomoa waya au kuzima ruta, na uchomoe flashi na diski zote za nje, hasa ile unayohifadhia nakala za akiba. Baada ya hapo itazame taa ya diski, kama mashine yako inayo. Ikiwa inamemeteka bila kupumzika na umeshaona majina ya mafaili yakibadilika, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike, kwa sababu kusimba diski nzima huchukua muda na kila dakika unayoiokoa ni mafaili unayoyaokoa. Ikiwa hakuna dalili hiyo, hakuna sababu ya haraka, hata kama kuna saa inayohesabu kurudi nyuma katikati ya skrini. Saa hiyo imewekwa ili usipate nafasi ya kufikiri.

Ujumbe wa polisi una historia inayosaidia kuutambua. Mwaka 2012 programu iliyoitwa Reveton ilienea Ulaya na kisha Marekani. Ilitazama anwani ya intaneti ya kompyuta ili kujua iko nchi gani, kisha ikachagua nembo na lugha inayofaa, hata aliyekuwa Uingereza akaona nembo ya polisi wa London na aliyekuwa Marekani akaona nembo ya FBI. Chini ya nembo iliwekwa anwani yake mwenyewe ya intaneti kana kwamba ni ushahidi, na wakati mwingine kisanduku kilichomwonyesha uso wake kupitia kamera ya kompyuta. Faini ilitakiwa kwa vocha za malipo kama Ukash, Paysafecard au MoneyPak. Februari 2013 polisi wa Hispania pamoja na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, walitangaza kukamatwa kwa watu 11, akiwemo Mrusi wa miaka 27 aliyedaiwa kuwa kinara wao, ambaye alikamatwa Dubai mwezi Desemba 2012. Kundi lilivunjwa, lakini mtindo wake ungali hai, na dalili zake hazijabadilika: tuhuma nzito isiyo na jina la mtuhumiwa wala namba ya kesi, muda mfupi wa kulipa, na malipo kwa njia isiyofuatilika kama vocha au bitcoin.

Hakuna jeshi la polisi linalotoza faini kwa kufunga skrini ya mtu. Tanzania malipo ya serikali hutolewa kontrol namba, yaani namba maalumu ya malipo, na Kenya hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hakuna wakala wa serikali atakayekutaka ununue kadi ya zawadi na kumsomea namba zake. Niwaombe wazazi jambo moja hapa. Ukurasa huohuo wa tuhuma humtokea mtoto aliyekuwa akitafuta mchezo wa kupakua au majibu ya zoezi la shule, na maneno yale hayathibitishi kwamba ametazama kitu chochote. Mtoto akikaripiwa atanyamaza au atadanganya, ilhali maelezo yake ya nini alichobonyeza na lini ndiyo kipimo cha kwanza na bora kuliko vyote vinavyofuata.

Kutofautisha chanzo kimoja na kingine

Bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Mchanganyiko huu hupokewa na Windows yenyewe kabla ya programu nyingine, kwa hiyo programu ya kawaida haiwezi kuunyamazisha. Menyu ikitokea, chagua Task Manager, dirisha linaloorodhesha programu zinazoendeshwa. Ikifunguka na ukaona kivinjari kama Chrome, Edge au Firefox kikiwa juu ya orodha huku ukurasa ule ukiwa nyuma yake, karibu hakika uko katika hali ya kwanza. Task Manager ikikosekana kwenye menyu, ikifunguka na kufungwa papo hapo, au ukipewa taarifa kwamba imezuiwa na msimamizi wakati msimamizi ni wewe, kuna programu iliyoibadilisha mipangilio ya Windows, na hiyo ni hali ya pili.

Kipimo cha kuthibitisha ni kuizima na kuiwasha tena ikiwa haina mtandao. Ujumbe ukitokea kabla ya nembo ya Windows au kabla ya mahali pa kuandika nywila, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayozungumzia hali ya tatu. Ukitokea sekunde chache baada ya kuingia katika akaunti, bila mtu kufungua kivinjari, ni hali ya pili. Usipotokea kabisa, ulikuwa ukurasa. Kuna jambo moja linaloweza kuchanganya: baadhi ya mipangilio ya Windows hufungua tena programu zilizokuwa wazi kabla ya kuzima, na kivinjari nacho hurudisha kurasa zake, kwa hiyo angalia kama ujumbe umo ndani ya dirisha la kivinjari kabla ya kuamua. Ikiwa kompyuta ina akaunti ya mtu mwingine wa nyumbani, ingia kwa akaunti hiyo pia. Ujumbe usipomtokea huyo, programu imejiandika katika akaunti moja tu, na kazi ya kuiondoa inakuwa nyepesi sana.

Ukurasa uliojitanua ndani ya kivinjari

Hii ndiyo hali ya kawaida siku hizi. Ukurasa hujaza skrini, huficha mshale wa kipanya, hutoa sauti ya onyo isiyokoma, na hufungua visanduku vya maswali ambavyo kila ukikifunga kimoja hutokea kingine. Mwaka 2013 watumiaji wa Safari kwenye kompyuta za Mac waliletewa ukurasa wa FBI ambao kila ukitaka kuondoka uliuliza tena, na ulikuwa na tabaka 150 za swali hilohilo. Hakuna kilichokuwa kimesakinishwa. Ilikuwa ni uvumilivu wa mtu unaojaribiwa.

Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa, au ubonyeze F11, na skrini inaweza kurudi katika ukubwa wa kawaida ukaufunga ukurasa. Ikishindikana, kimalize kivinjari kupitia Task Manager kwa kukichagua na kubonyeza End task. Utakapokifungua tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwepo; kataa. Kama kinazirudisha bila kuuliza, kifungue ukiwa umekata intaneti, ufunge ukurasa huo ambao sasa hauwezi kupakia chochote, kisha urudishe mtandao.

Ikiwa maonyo yanaendelea kuchomoza kwenye pembe ya chini ya skrini hata kivinjari kikiwa kimefungwa, chanzo ni ruhusa ya arifa iliyotolewa kwa tovuti fulani, pengine ile iliyosema ubonyeze Allow ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Fungua mipangilio ya kivinjari, nenda kwenye faragha na usalama, kisha ruhusa za tovuti, kisha Notifications, na uziondoe tovuti zote usizozijua. Pitia pia viendelezi (extensions), yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, na ufute ambavyo hukuviweka mwenyewe.

Mambo hubadilika ikiwa mtu alishaipiga ile namba na akamruhusu "fundi" kuingia kwenye kompyuta kwa AnyDesk, TeamViewer au programu ya namna hiyo. Hapo ichukulie mashine kuwa imeambukizwa hata kama skrini inaonekana salama: ondoa programu hiyo ya mbali, ipige simu benki au kampuni ya pesa za simu kwa namba iliyo kwenye kadi au laini yako, kisha uendelee na hatua za sehemu inayofuata. Fanya vivyo hivyo ikiwa ukurasa ulimwelekeza mtu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha abandike maneno fulani na kubonyeza Enter. Maneno hayo huwa ni amri ya kupakua programu, na aliyeibandika ameisakinisha kwa mkono wake bila kujua.

Programu inayoifunika skrini baada ya kuingia katika akaunti

Programu ya aina hii haina nguvu za ajabu. Imeandika jina lake mahali ambapo Windows hutazama inapoanza, na kazi yote ni kuingia kwa njia ambayo Windows haitatazama mahali hapo, kisha kulifuta jina.

Kwenye Windows 10 na 11, subiri mahali pa kuandika nywila, bonyeza alama ya kuzimia iliyo pembeni, na huku umeshikilia Shift uchague Restart. Itatokea skrini ya buluu yenye chaguo: ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart, na orodha ikija ubonyeze 6, ambayo ni Safe Mode yenye Command Prompt. Usipoweza kuifikia skrini hiyo, izime kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia mara tu nembo inapoonekana, urudie hivyo, na kwa kawaida katika kuwasha kwa mara ya tatu Windows italeta yenyewe ukurasa wa urekebishaji. Kwenye Windows 7 bonyeza F8 mfululizo mara unapoiwasha. Kompyuta nyingi za Windows 11 zitakuuliza ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows yenyewe inayosimba diski, wenye tarakimu 48. Huo hupatikana kupitia simu kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine, na hauhusiani na mhalifu, kwa hiyo usishtuke ukiuona.

Ninasisitiza namba 6 badala ya Safe Mode ya kawaida kwa sababu maalumu. Safe Mode ya kawaida hupuuza orodha nyingi za programu zinazojiwasha, lakini bado huanzisha eneo-kazi (desktop) kwa kusoma mpangilio unaoitwa Shell, na hapo ndipo programu nyingi za kufunga skrini hupenda kujificha. Safe Mode yenye Command Prompt huupuuza mpangilio huo na kukuletea dirisha jeusi la amri peke yake. Ujumbe wa madai ukitokea hata huko, rukia njia ya flashi iliyo mwishoni mwa sehemu hii.

Katika dirisha hilo jeusi andika regedit, kifaa cha kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows, na ubonyeze Enter. Kwanza nenda kwenye njia hii:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon

Upande wa kulia itafute Shell. Thamani yake halali ni explorer.exe peke yake. Chini yake kuna Userinit, ambayo thamani yake ni C:\Windows\system32\userinit.exe ikifuatiwa na alama ya mkato (,), bila kitu kingine baada ya mkato huo. Kisha fungua njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Huko, kwenye kompyuta safi ya nyumbani, Shell kwa kawaida haipo kabisa. Ukiikuta imeandikwa kwa mfano hivi:

explorer.exe,C:\Users\jina-lako\AppData\Roaming\skype.dat

basi umeipata. Eneo-kazi la kweli linatajwa kwanza ili usishuku, na baada ya mkato inafuata programu ya mhalifu ikiwa imevaa jina la programu unayoijua. Programu halali haiwekwi mahali hapo, na haiwi na mwisho wa .dat. Andika pembeni njia kamili ya faili hilo, futa Shell hiyo ya HKEY_CURRENT_USER, na ile ya HKEY_LOCAL_MACHINE uirudishe iwe explorer.exe kama ilibadilishwa. Usifute Userinit wala Shell ya HKEY_LOCAL_MACHINE, bali rekebisha maneno yake tu, kwa kuwa bila hizo hutaweza kuingia tena.

Usipokuta kitu hapo, tazama orodha za Run zilizo chini ya Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion katika matawi yote mawili. Kinachostahili kushukiwa ni mstari unaoelekeza kwenye AppData, Temp au ProgramData, wenye jina la herufi zisizo na maana, au unaoita rundll32 pamoja na faili lililo katika folda hizo. Mahali pa mwisho ni folda ya Startup: rudi kwenye dirisha jeusi, andika explorer ili eneo-kazi litokee, kisha bonyeza kitufe cha Windows na R na uandike shell:startup. Reveton ilikuwa ikiweka humo njia ya mkato yenye jina linalofanana na ctfmon, ambayo ni programu halali ya Windows, na watu wengi waliiona wakaipita. Baada ya kulifuta jina, lifute pia faili lenyewe kwa ile njia uliyoiandika pembeni.

Kama hupendi kugusa regedit, na kutopenda huko ni busara, kuna njia nyepesi zaidi ya kujaribu kwanza: katika dirisha jeusi andika rstrui. Huo ni mfumo wa kuirudisha Windows katika hali ya tarehe iliyopita, na haugusi picha wala nyaraka zako. Chagua tarehe iliyo kabla ya tatizo. Kasoro yake ni kwamba kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 huduma hii huwa imezimwa tangu mwanzo, na hapo orodha itakuwa tupu.

Njia ya flashi hutumika pale Windows isipofikika. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama, tengeneza flashi ya kuwashia yenye Kaspersky Rescue Disk, programu ya kusafisha virusi, au yenye Linux kama Ubuntu, mfumo unaoendesha kompyuta badala ya Windows, ikiwa lengo lako la kwanza ni kutoa mafaili. Mashine ikiwashwa kwa flashi, Windows iliyoambukizwa haisimami kabisa, na programu ya mhalifu ni faili tu kama mafaili mengine. Nakili kwanza nyaraka na picha kwenye diski ya nje, kisha ndipo uchunguze na kusafisha. Huu ndio utaratibu ambao fundi yeyote anapaswa kuufuata kabla ya kutamka neno fomati, na una haki ya kumwuliza kama ameufuata.

Ujumbe unaotangulia Windows

Skrini nyeusi yenye maandishi, bila nembo ya Windows, huashiria kwamba sehemu ya mwanzo ya diski imeandikwa upya. Programu za kale za namna hii hazikufanya zaidi ya hapo, na amri ya bootrec /fixmbr kutoka kwenye Command Prompt ya diski ya kusakinishia Windows ilitosha kuziondoa. Lakini mwaka 2016 ilitokea Petya, ambayo baada ya kuilazimisha kompyuta ijizime na kujiwasha, ilionyesha maandishi yanayofanana na CHKDSK, kana kwamba Windows inakagua diski, ilhali wakati huohuo ilikuwa ikisimba jedwali linaloieleza Windows kila faili liko wapi. Maandishi ya CHKDSK yakitokea ghafla baada ya mtu kufungua kiambatisho cha barua pepe, zima umeme wakati huohuo.

Kwa hiyo usikimbilie amri ya kurekebisha. Iwashe kwa flashi ya Linux na ujaribu kufungua folda zako bila kuandika chochote kwenye diski. Zikifunguka na picha zikaonekana, nakili kila kitu, kisha rekebisha. Zisipoonekana, iache diski kama ilivyo. Waliofanya hivyo na Petya hawakujuta, kwa maana Julai 2017 aliyeitengeneza alitoa hadharani ufunguo mkuu, na diski zilizokuwa zimehifadhiwa zikaweza kufunguliwa.

Kuna ujumbe mwingine unaoingizwa katika kundi hili kimakosa. Ni kisanduku kidogo cha kijivu kisemacho "This computer is configured to require a password in order to start up", na huonekana kwenye Windows 7 na matoleo ya mwanzo ya Windows 10. Hicho ni kifaa cha Windows yenyewe kilichoitwa Syskey, ambacho matapeli wa simu walikitumia kuwekea nywila kompyuta ya mtu aliyekataa kuwalipa. Microsoft ilikiondoa kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017. Mafaili huwa mazima na yanaweza kutolewa kwa flashi ya Linux. Kwenye Windows 7, kurudisha tarehe ya nyuma kwa kutumia diski ya kusakinishia mara nyingi hukifungua.

Mafaili yenyewe yamebadilika

Usiliamini dirisha likisema kwamba kila kitu kimesimbwa, hakiki mwenyewe. Baada ya kuingia kwa mojawapo ya njia zilizotangulia, angalia picha moja. Ikiwa picha iliyoitwa harusi.jpg sasa inaitwa harusi.jpg ikifuatiwa na nukta na herufi nne ngeni, na haifunguki, na kila folda ina faili liitwalo _readme.txt, basi huenda umekutana na familia ya STOP, inayojulikana pia kama Djvu. Familia hii imewapata sana watumiaji wa nyumbani, kwa sababu husafiri ndani ya programu zilizovunjwa leseni na vile vifaa vya kuamshia Windows na Office bila kununua, ambavyo kwetu hupitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Maelekezo ya kukizima kinga-virusi kabla ya kusakinisha, ambayo huambatana na vifaa hivyo, ndiyo mlango wenyewe. Ujumbe wake hutaka dola 980, au dola 490 kwa atakayewasiliana ndani ya saa 72.

Iondoe kwanza programu yenyewe, la sivyo itasimba na yale utakayoyarudisha. Usifute mafaili yaliyosimbwa wala faili la ujumbe. Kisha nenda kwenye tovuti ya nomoreransom.org, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na Intel Security, ambako unapakia sampuli za mafaili pamoja na ujumbe, nayo inakuambia kama kuna programu ya kusimbua kwa aina hiyo. Haitozi chochote. Kwa upande wa STOP, itazame namba ya utambulisho iliyo mwishoni mwa ujumbe: ikiishia kwa t1, kwa kawaida ina maana kwamba programu haikuweza kuwasiliana na mhalifu na ikatumia ufunguo ulioko ndani yake, ambao wengine pia walifungiwa nao, na tumaini la kuupata lipo. Isipoishia hivyo, ufunguo ni wako peke yako, na mtu yeyote anayekuahidi kuyafungua kwa malipo ya awali anakuibia kwa mara ya pili.

Wakati ukisubiri, tafuta nakala mahali ambapo mhalifu hakufika. Google Drive na OneDrive huhifadhi matoleo ya awali ya faili kwa muda, picha nyingi zimo kwenye simu za ndugu mliotumiana kwa WhatsApp, na nyaraka zimo kwenye barua pepe ulizotuma. Hamisha mafaili yaliyosimbwa kwenye diski ya nje na uyatunze. Baada ya kuhakikisha nakala hiyo ipo na inasomeka, hapo ndipo kupiga Windows upya kunakuwa uamuzi mzuri, na katika hali hii ninaupendekeza.

Dalili zinazobaki baada ya kusafisha

Endesha uchunguzi wa Microsoft Defender wa nje ya Windows: ingia Windows Security, kisha Virus & threat protection, kisha Scan options, na uchague ule wa offline. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na kazi huchukua takriban dakika 15. Ikiwa eneo-kazi limerudi lakini Task Manager bado imezuiwa, fungua Command Prompt kwa Run as administrator katika akaunti hiyohiyo na uandike:

reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System" /v DisableTaskMgr /f

Ikiwa tovuti zote zinafunguka isipokuwa za kampuni za kinga-virusi, fungua kwa Notepad faili la hosts lililo katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari inayoanza na alama ya # ni maelezo yasiyo na madhara. Orodha ndefu ya majina ya tovuti za usalama chini yake imeandikwa na programu uliyoiondoa, nayo ifutwe. Ikiwa ujumbe unarudi baada ya siku moja au mbili, tazama Task Scheduler, ambako programu huacha agizo la kujipakua tena.

Nywila zibadilishwe zote, kuanzia ya barua pepe, na zibadilishwe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, kwa sababu familia kama STOP mara nyingi huja pamoja na programu ya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ondoa pia vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti zako, usiishie kwenye nywila peke yake.

Mwisho, toa taarifa hata kama hukupoteza kitu. Tanzania kuna kituo cha usalama wa mtandao cha TZ-CERT kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na Kenya kuna kituo kama hicho, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Polisi wa nchi zote mbili wana sheria za makosa ya mtandao za kuwaongoza, ya mwaka 2015 kwa Tanzania na ya mwaka 2018 kwa Kenya. Peleka ile picha ya skrini, tarehe na saa, anwani ya malipo iliyotajwa, namba ya simu uliyotakiwa kuipiga, na sampuli ya faili la ujumbe iliyowekwa kwenye flashi yake yenyewe.